Kupe Aliye Mlangoni: Tumkinge Mtoto na Homa ya Kupe

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua.)

  Uliye Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Buruburu, Jericho, Kaloleni na mitaa yote ya Eastlands, punguza moto wa jiko, mweke mtoto mapajani, tuongee kidogo. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nataka tumzungumzie mdudu mmoja ambaye wengi wetu tunadhani tulimwacha kijijini. Mdudu huyo ni kupe.

Najua kuna anayecheka huko aliko. Anasema, "Sista, kupe ni wa ng'ombe. Sisi tunaishi kwenye ploti, ghorofa ya tatu. Ng'ombe tutamtoa wapi?" Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Ngoja niwaeleze kilichonibadilisha mawazo.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa na homa na kichwa kilimuuma. Mama alikuwa amekwisha kununua dawa ya malaria dukani, halafu dawa ya maji ya kuua viini, na homa ilikuwa haijashuka. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikampa dawa ya kuteremsha homa, nikamwambia arudi kama hali haibadiliki. Baada ya siku mbili alirudi. Mtoto alikuwa amelegea, hataki kula, hataki kucheza. Safari hii nilimvua nguo zote ili nimwangalie vizuri, na kwapani nikaona kidonda kidogo chenye gamba jeusi, kama mahali palipochomwa na sigara. Karibu nacho, matezi yalikuwa yamevimba.

Nikamuuliza, "Mama, hiki ni nini?"

Akajibu, "Ah, sista, hapo ni kupe tu nilimtoa juma lililopita. Wanatoka kwa yule mbwa wa ploti."

Kupe tu! Mama hakuona kwamba ni jambo la kumwambia muuguzi, na mimi muuguzi sikuuliza. Nilimwandikia barua ya rufaa saa ile ile. Mtoto alipewa dawa inayofaa, akapona. Lakini nilienda nyumbani nikijua kwamba siku mbili za mateso ya mtoto yule zilikuwa juu yangu, kwa sababu ya swali moja ambalo sikuuliza. Tangu siku ile, mtoto mwenye homa akiletwa kwangu, nauliza: "Je, kuna mnyama nyumbani? Je, umemwona kupe?" Na wewe mama, hata usipoulizwa, useme. Hilo ndilo jambo kubwa la leo.

HOMA YA KUPE NI NINI

Kupe hana mabawa wala haruki kama kiroboto. Anapanda juu ya majani au ukuta, anangoja, kisha anajishika kwenye mnyama au mtu anayepita. Akipata ngozi laini anazamisha mdomo wake na kufyonza damu kwa siku kadhaa. Mara nyingi haumi kwa uchungu, ndiyo maana mtoto halii. Wakati ananyonya, anaweza kumwachia mtu vijidudu vya ugonjwa.

Ugonjwa huu si mgeni Nairobi. Katika vitabu vya udaktari vya Kiingereza ulipewa hata jina la nchi yetu, taifasi ya kupe ya Kenya. Mwaka 1935 mtafiti J. I. Roberts aliandika kwamba anayeubeba hapa Kenya ni kupe wa kahawia wa mbwa. Kumbuka, mama, taifasi si taifodi. Taifodi, yaani homa ya matumbo, inatokana na maji na chakula kichafu. Taifasi ya kupe inatokana na kuumwa na kupe. Majina yanakaribiana, lakini magonjwa ni mawili na dawa zake si moja.

Kuna pia homa nyingine ya namna hiyo inayoletwa na kupe wa ng'ombe. Watalii wengi waliotembea mbuga za Afrika wamerudi makwao wakiwa nayo. Nayo inaacha kidonda chenye gamba jeusi, wakati mwingine zaidi ya kimoja.

Wengine wenu mnaijua ndigana, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe nyumbani. Ndigana inaletwa na kupe pia, lakini haimpati binadamu. Kwa hiyo usiogope kila kupe kwa kila ugonjwa. Tuogope kile kinachostahili kuogopwa.

KUPE ANAFIKAJE MJINI

Wa kwanza kumleta ni mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa amezoea kuishi na watu. Hahitaji msitu. Akishiba damu anadondoka, anajificha kwenye ufa wa ukuta, chini ya zulia, nyuma ya kitanda au kwenye gunia analolalia mbwa. Jike hutaga mayai maelfu. Wanaototoa ni wadogo kama kichwa cha pini, na wana miguu sita. Wakikua wanakuwa na minane. Wanaweza kukaa miezi bila kula wakingoja mnyama au mtu apite. Kwa hiyo ukimfukuza mbwa bila kusafisha mahali alipolala, kupe wamebaki, na sasa aliye karibu nao ni mtoto wako anayetambaa sakafuni.

Wa pili ni mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mnajua Kiamaiko, mbuzi wanavyoshushwa pale kwa malori wakitoka mbali. Mnajua pia kiangazi kikiwa kikali, kama mwaka 2009 na 2017, wafugaji wanavyoleta ng'ombe mpaka ndani ya jiji kutafuta majani kando ya barabara. Mnyama anapita, kupe anadondoka kwenye nyasi. Kesho watoto wanacheza mpira hapo hapo.

Wa tatu ni panya. Penye takataka nyingi pana panya, na panya naye hubeba kupe wachanga.

Kisha kuna nyasi ndefu. Tuna viwanja vyetu vya wazi, na kingo za Mto Nairobi na Mto Ngong. Kuna safari za shule kwenda Mbuga ya Nairobi, City Park au Karura. Sisemi watoto wasiende. Mtoto wa Eastlands ana haki ya kuona miti na wanyama. Nasema tu akirudi, mkague.

JE, NI UGONJWA WA LYME?

Mama mmoja aliniuliza swali hili baada ya dada yake aliye Marekani kumpigia simu na kumtia hofu. Ugonjwa wa Lyme upo, na huko ni tatizo kubwa. Jina lake limetokana na mji wa Lyme katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1975 mama wa watoto wanne wa mji huo, Polly Murray, alichoka kuona watu wa nyumbani kwake na majirani wakivimba magoti na kuugua bila kupewa jibu. Aliandika kila alichokiona, akawaeleza wakuu wa afya, na hakunyamaza mpaka madaktari wakaja kuchunguza. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kwamba wamekipata kijidudu chake ndani ya kupe.

Kupe hao ni wa aina nyingine, wanaoishi katika misitu ya nchi za baridi. Kwetu Eastlands, homa ya kupe iliyo karibu nawe ni hii niliyoieleza, ya mbwa na mifugo. Lakini funzo la Polly Murray linatufaa sana. Mama aliyeona jambo kwa macho yake hakukubali kunyamazishwa.

DALILI ZAKE

Mara nyingi dalili huanza karibu juma moja baada ya kuumwa, na zinaweza kuchelewa mpaka majuma mawili. Tazama haya:

Homa inayopanda ghafla, pamoja na kutetemeka.
Kichwa kuuma sana, misuli na viungo kuuma.
Kidonda kidogo chenye gamba jeusi pale kupe alipouma. Mara nyingi hakiumi.
Matezi kuvimba karibu na kidonda hicho.
Upele mwilini, ambao unaweza kufika viganjani na nyayoni. Kwenye ngozi yetu nyeusi upele huu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mpeleke mtoto penye mwanga wa jua, upapase na ngozi kwa mkono.

Si kila mgonjwa anakuwa na dalili zote. Wakati mwingine kidonda kimefichwa na nywele.

Hapa nataka tusikizane vizuri. Eastlands iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na malaria haienei hapa kama inavyoenea pwani au kando ya Ziwa Victoria. Mtoto ambaye hajasafiri akipata homa, yaweza kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Kwa hiyo usikimbilie kununua dawa ya malaria kabla ya kupima. Na ikiwa kipimo kimesema hakuna malaria, shukuru, lakini usiishie hapo. Uliza, "Basi homa hii ni ya nini?"

Homa ya kupe ina dawa, na hospitali zinayo. Madaktari hutumia doksisaiklini. Zamani tuliogopa kuwapa watoto wadogo dawa hiyo kwa sababu ya meno kubadilika rangi. Siku hizi inajulikana kwamba ikitumiwa kwa siku chache kwa ugonjwa huu, faida yake ni kubwa kuliko hofu hiyo. Uamuzi ni wa daktari, si wa mwenye duka. Amoksilini, ambayo wengi wetu tumeizoea, haiponyi homa ya kupe. Ni dawa nzuri kwa magonjwa yake, lakini hapa unapoteza siku na pesa. Na kama una mimba, mwambie daktari mapema ili akuchagulie dawa inayokufaa.

Mkimbize mtoto hospitali bila kungoja ikiwa amepata degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya au kunywa, amelegea na haamki vizuri, au anatokwa na damu mahali popote.

JINSI YA KUMTOA KUPE

Sasa umemkagua mtoto, umemkuta kupe. Usipige kelele, mtoto ataogopa. Fanya hivi.

Chukua kibanio kidogo, kile cha kung'olea nyusi. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale alipoingiza mdomo. Mvute kwenda juu moja kwa moja, polepole, kwa nguvu ya wastani. Usimzungushe wala usimminye tumbo. Kama huna kibanio, tumia kipande cha karatasi ya nailoni au kitambaa vidoleni, ufanye vivyo hivyo. Kipande kidogo cha mdomo kikibaki, usichimbe kwa sindano. Ngozi yenyewe itakisukuma nje. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, na uoshe mikono yako.

Kupe usimpasue kwa kucha. Damu yake ina vijidudu, na vinaweza kuingia penye mchubuko au machoni. Mtie ndani ya spiriti, au mfunge kwa utepe wa gundi umtupe chooni.

Kisha chukua kalamu, uandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani: leo fulani ameumwa na kupe, mahali fulani. Kwa majuma mawili mtazame. Akipata homa, nenda kituo cha afya na useme tarehe hiyo. Asipopata, mshukuru Mungu. Wengi wanaoumwa na kupe hawaugui, na hakuna haja ya kumpa dawa mtoto mzima.

Mambo ya kuacha ni haya. Usimchome kupe kwa kiberiti ukamuunguza mtoto. Usimpake mafuta ya taa, wala Vaseline, wala rangi ya kucha ukingoja aachie. Unachelewa, na kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyoongezeka.

ONYO KUHUSU DAWA YA MIFUGO

Jambo hili linanikosesha usingizi. Kuna walezi wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kumpaka mtoto kichwani ili kuua kupe au chawa. Mama, dawa hiyo ni sumu. Inapita kwenye ngozi ya mtoto na inaweza kumuua. Wengine wanainunua kidogo kidogo imetiwa kwenye chupa ya soda, na chupa inawekwa chini ya kitanda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Anajua soda tu.

Ukinunua dawa ya mbwa, inunue ikiwa kwenye kopo lake lenye maandishi, uiweke juu na kufunga. Kama mtoto amekunywa au amemwagikiwa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali pamoja na kopo au chupa ile ili daktari ajue ni sumu gani.

TUMKINGE VIPI

Kinga haihitaji pesa nyingi.

Kila jioni, wakati wa kumwogesha mtoto, mkague. Anza kichwani ndani ya nywele, nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kitovuni, kiunoni, kwenye kinena, kati ya mapaja na nyuma ya magoti. Kwa msichana aliyesukwa, pitisha vidole kati ya mistari. Ni kazi ya dakika mbili. Mfundishe na mkubwa amkague mdogo.

Mtoto akienda penye nyasi ndefu, mvalishe suruali na soksi, suruali iingie ndani ya soksi. Mkikaa chini, tandikeni leso, na mkirudi ikung'uteni nje. Nguo zifuliwe na kuanikwa kwenye jua kali.

Mbwa wa nyumba aogeshwe kwa dawa ya kupe kama mtaalamu wa mifugo anavyoelekeza. Asilale kitanda kimoja na watoto. Gunia lake litolewe juani na kubadilishwa. Fagia pembe zote, ziba nyufa za ukuta kwa simenti au hata udongo.

Mbwa wa ploti, yule asiye na mwenyewe, ndiye mgumu. Kila mpangaji anasema si wangu. Basi kaeni kikao, wapangaji na keateka, mchange pesa kidogo mumwogeshe pamoja, mkate nyasi za nyuma na kuondoa takataka. Kupe hajui mlango wa nani. Mpangaji mmoja akisafisha na mwenzake asisafishe, kupe atahama tu.

MANENO YA KUSEMA KLINIKI

Kabla sijaaga, tufanye zoezi. Umefika kituo cha afya, foleni ni ndefu, daktari amechoka na wewe umechoka. Ukiingia, sema maneno haya: "Daktari, mtoto ana homa tangu siku fulani. Aliumwa na kupe tarehe fulani, mahali hapa. Nyumbani kuna mbwa. Hatujasafiri. Amekwisha kunywa dawa hizi." Halafu mwonyeshe kidonda, na uchukue hata pakiti za dawa ulizompa.

Usione haya. Hakuna daktari mzuri atakayekasirika. Na akikuambia kupe hana neno kabla hajamtazama mtoto, mwombe kwa upole amvue nguo amwangalie. Wewe ndiye unayemwogesha mtoto huyo kila siku. Unayojua wewe hayamo kwenye kipimo chochote.

Basi wapendwa, tukumbuke: mkague mtoto kila jioni, kupe avutwe moja kwa moja, asichomwe, andika tarehe, dawa ya ng'ombe isiguse mtoto, na homa ikija, mtaje kupe.

 Mbaki salama, na watoto walale salama.

(Muziki wa kipindi.)

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika ploti yenu, kupe wanaweza kutoka wapi? Nani atazungumza na keateka?
2. Taifasi ya kupe na taifodi zinatofautianaje?
3. Mmoja awe mama, mwingine awe daktari. Fanyeni mazoezi ya kusema habari za kupe kliniki.
4. Dawa za mifugo zinawekwa wapi katika nyumba zenu?